Swali la 214

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Siku tisa kabla ya mtihani wa leseni ya uuguzi. Huu ni wa pili. Ule wa kwanza nilifeli kwa sababu nilisoma. Vitabu vinne! Vikachanganyika kichwani. Safari hii nimetumia akili. Nimenunua kijitabu steshenari: Maswali 400 na Majibu Yake. Fotokopi safi, imebanwa pini mbili. Sihitaji kujua kwa nini. Nakariri jibu tu. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimemaliza sitini.

Si jambo la mchezo. Huu mwaka wa pili najitolea kwenye zahanati hapa Rahaleo, Mtwara. Sista Raheli, muuguzi mfawidhi wetu, amesema nafasi ya ajira ni moja, na ataichukua atakayefaa na mwenye leseni mkononi. Tuko wawili. Mwenzangu ni Gladness, binti wa karani wa bandarini. Yeye husoma na kalamu, kila kitu anataka kukikokotoa. Nami nina mama kule Madimba, ambaye ameshatangaza kijiji kizima kuwa mwanawe ni muuguzi kamili. Watu wanampelekea vidonda avitazame. Nikifeli tena sijui atauficha wapi uso wake.

Jumanne, 12 Agosti
Gladness aliomba kukiona kijitabu wakati wa chai. Alikirudisha kabla sijamaliza chapati. Akasema kina makosa. Nikamuuliza makosa gani. Akanionyesha swali la 214: mgonjwa apewe maji ya dripu mililita 500 kwa saa nne, mililita moja ni matone ishirini, ni matone mangapi kwa dakika? Kijitabu kinasema 83. Yeye akaandika hesabu kiganjani, akapata 42. Eti waliotunga wamegawa kwa saa mbili.

Kiganja! Dhidi ya kitu kilichochapwa! Wivu huo. Nikamwambia kwa upole kuwa kijitabu kimesomwa na watu wengi kuliko kiganja chake.

Hata hivyo mimi ni mtu wa haki. Nikalipeleka suala kwenye kundi letu la WhatsApp la watahiniwa, ambalo mimi ni admini. Nikafungua kura. Themanini na tatu imepata kura kumi na tisa, arobaini na mbili kura sita. Ni kweli rafiki yangu Rajabu ni fundi pikipiki, na binamu zangu wawili ni wakulima, lakini nilikuwa nimewaunga kundini tangu zamani na nao wana haki ya maoni. Suala limefungwa. Nimelala kidogo mchana kwa furaha.

Alhamisi, 14 Agosti
Sijui nianze wapi.

Asubuhi aliletwa Bi Tatu, muuza muhogo, jirani wa mama. Amehara na kutapika tangu jana, macho yameingia ndani. Sista Raheli akaagiza atundikiwe mililita 500 kwa saa nne, kisha akaitwa kwa mama anayejifungua. Saa nne! Swali langu lenyewe, limekuja na miguu yake! Sikusita. Nikashika saa, nikahesabu matone, nikaweka themanini na tatu. Nilijivuna, nakiri. Nikaenda kupanga mafaili.

Baada ya saa moja Gladness alipita. Chupa ilikuwa imefika nusu. Bi Tatu alikuwa amekaa kitako, anahema kwa shida, ameshika kifua. Gladness akafunga dripu palepale, akamwinua mgongo, akapiga kelele ya kumwita Sista. Mimi nilisimama mlangoni na mafaili.

Sista alikuja na glovu zake, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akauliza nani ameweka kasi ile. Nikasema mimi. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema tulipiga kura.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimgeukia mgonjwa.

Saa tisa Bi Tatu alikuwa anapumua vizuri na anaomba uji. Aliniita mwanangu, akanishika mkono, akanishukuru kwa kuyaharakisha yale maji, maana alikuwa anawahi kurudi nyumbani. Nikaingia stoo nikalia nyuma ya maboksi ya pamba. Niliogopa mno. Bado naogopa.

Jumamosi, 16 Agosti
Sista ametoa amri. Kijitabu nikitupe. Na kila dripu nitakayogusa niiweke mbele ya macho yake.

Gladness amejitolea kunifundisha. Sikutegemea. Jioni tulikaa Shangani kwenye ukuta wa ufukweni, watu wakipita kwenye matembezi yao. Akanieleza: chukua mililita, zidisha kwa matone, gawa kwa dakika. Akanipa mfano, nikakosa. Akanipa mwingine, nikapata! Nilifurahi hata nikasimama. Akasema sasa tumeanza, tufanye mingine kumi.

Lakini kumi ni mingi, na mtihani ni Jumatano. Nikamwomba anisaidie jambo la maana zaidi: apitie kijitabu chote aniwekee alama penye makosa. Akakunja uso. Akasema Sista aliagiza nikitupe. Nikamwambia nitakitupa kikishasahihishwa. Akashusha pumzi, akakipitia mpaka giza lilipoingia. Makosa thelathini na moja! Mengine hayakuwa hata na jibu, maswali yenyewe yana upungufu. Wezi wakubwa hawa.

Kwenye 214 nimefuta 83 kwa wino mwekundu na kuandika 42. Sasa ninacho kijitabu kisicho na kosa. Sijui ni nani mwingine Mtwara nzima mwenye bahati hii.

Jumatano, 20 Agosti
Mtihani umefanyika. Nina majonzi, na si kwa ajili yangu.

Swali la dripu limekuja. Nilitabasamu. Mililita 1000, saa kumi, matone ishirini. Nikatafuta 42. Haipo! Kuna 17, 25, 33 na 50. Nikasoma upya. Haipo. Nikanyoosha mkono, nikamweleza msimamizi, kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe, kuwa wametunga swali lenye kosa. Akaniambia nijibu kilichopo. Nikaandika 42 pembeni, nikaizungushia duara, nikaweka sahihi. Lazima mtu mmoja awe mkweli.

Nje, Gladness alisema yeye amejibu 33. Nilimwonea huruma. Ndiye aliyenifundisha 42, na mwenyewe ameisahau.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimemsimulia Sista kuhusu kosa la mtihani. Nikamhakikishia kuwa somo la Bi Tatu nimelishika: dripu ni arobaini na mbili, kwa yeyote, popote. Alifuta miwani. Kisha akasema kuanzia leo Gladness atashika wodi, nami nihamie dirisha la mapokezi. Nisiguse dripu, nisiguse sindano, nisimguse mgonjwa.

Kiti cha kuzunguka! Feni! Gladness hana feni.

Nimeshaboresha kazi. Kuuliza majina kunapoteza muda, na majina ya hapa yanafanana. Nakariri namba za kadi. Hadi adhuhuri nilikuwa na sitini kichwani. Watatu tu ndio waliokwenda chumba kisicho chao. Mzee Mustafa alikaa na wajawazito kwa saa mbili, kwa adabu kabisa, na alipimwa uzito.

Mama alipiga simu mchana. Nikamwambia nimeingia ofisini. Akapiga vigelegele, nikasikia majirani wakiitikia. Akauliza leseni inatoka lini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi nayo tena, kazi nimeshapata.