Chatu wa Mazinde na Baridi ya Lushoto

Jumatatu, 15 Julai
Chatu amefika! Nimempandisha kutoka Mazinde, bondeni kwenye joto, ndani ya kapu, kibali cha maliasili kikiwa mfukoni. Nimemwita Meneja. Jumamosi mwalimu Salma analeta wanafunzi kutazama wanyama. Kila mara huishia kwa jirani yangu Aron na vinyonga wake. Vinyonga! Wamejaa kila kichaka. Safari hii watoto ni wangu.

Mke wangu Esteria ameuliza huyo mgeni atalala wapi. Nimemjibu sebuleni, kwenye sanduku. Mama yake yuko kwetu tangu Pasaka. Alisogeza kiti mbali na kapu.

Jumanne, 16 Julai
Ukungu mpaka saa nne. Meneja amenyooka kama kamba ya mbuzi. Nimempa panya, hata ulimi hakutoa. Mnyama wa Mazinde, baridi hii angeijulia wapi? Dawa yake kila mtu wa Lushoto anaijua: sweta. Nimekata mkono wa sweta kuukuu lililokuwa limeanikwa, nikamvalisha. Amependeza mno!

Jioni. Sweta halikuwa kuukuu. Lilikuwa la mama mkwe. Amenijulisha kupitia Esteria, ingawa tulikuwa sebuleni sote watatu.

Alhamisi, 18 Julai
Meneja bado hali. Aron kapita, eti kusalimia. Kasema nyoka hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo kumvika sweta ni kumfunika baridi isitoke. Nifunge taa ya vifaranga upande mmoja wa sanduku, nyuma ya wavu asiungue. Upande wa pili niuache baridi, nyoka achague mwenyewe. Niweke na kile kifaa kinachozima taa joto likizidi. Anacho cha ziada, ataniazima.

Nimemshukuru, nikacheka moyoni. Joto nusu! Ndivyo anavyonitakia mema huyu. Nimefunga taa mbili, kila upande moja. Kifaa sikuchukua. Kifaa cha kuzima taa, cha kazi gani?

Ijumaa, 19 Julai
Amechangamka! Anazunguka sanduku bila kupumzika, anasukuma kifuniko kwa pua. Furaha tupu. Esteria kasema sanduku linanuka kuungua. Wivu upo kwenye ukoo wao. Nimemwambia kesho Aron atakuja kuomba kazi kwangu.

Jumamosi, 20 Julai
Wanafunzi wamefika saa tatu. Nimetoa hotuba nzuri sana. Nimefunua sanduku. Tupu!

Hapo mama mkwe akapiga yowe chumbani. Meneja alikuwa kitandani kwake, kajizungusha kwenye kidumu cha maji ya moto anachowekea miguu.

Sasa, mimi ni mkwe. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Nikasimama uani, nimegeuza mgongo, nikatoa maelekezo kwa sauti: mama amshike nyuma ya kichwa, taratibu, asimuudhi. Mama akanijibu maneno yaliyomfanya mwalimu Salma awaanzishie watoto wimbo haraka. Aron, ambaye si mkwe wa mtu hapa, akaruka ua, akaingia, akatoka na Meneja shingoni. Makofi! Vigelegele! Roho iliniuma.

Mama mkwe kaniambia mwenyewe safari hii. Nyoka aende kwa Aron, la sivyo yeye anarudi kwake Mlola na binti yake. Nimebeba sanduku mpaka kwa Aron kwa mikono yangu.

Jumanne, 23 Julai
Nimepita kwa Aron. Kwa bahati tu, mara tatu. Taa iko upande mmoja, kifaa kinawasha na kuzima. Meneja amekula panya mzima, kisha akahamia upande wa baridi kupumzika. Nimeumia, sifichi. Nilimpenda yule mnyama.

Lakini kosa nimeliona: nilichagua mnyama asiye na nguo. Leo nimeleta kobe. Taa hahitaji, ushauri wa Aron hahitaji. Koti amezaliwa nalo! Tangu asubuhi hajatoa kichwa. Nadhani anasikia joto. Nimemfungulia dirisha.