Nusu ya Pili ya Tangazo la Meno

Jumatatu, 3 Machi

Shavu la mwanangu Mkubwa limevimba kama puto. Gego la chini. Usiku kucha kanilalia kifuani, na mdogo wake naye anataka ziwa. Mimi ni mmoja tu jamani!

Asubuhi, kwa daktari wa meno wa hapa mtaani. Dada wa mapokezi kaigeuza kadi yangu ya bima mara mbili, kasema kampuni hii hawafanyi nayo kazi. Wanapokea ile ya wifi yangu. Ya wifi! Nikamwonyesha kwenye simu: jina la daktari wao limo kwenye orodha ya kampuni yangu. Akasema labda wamejiandikia wenyewe. Tumerudi na dawa ya maumivu.

Jioni wifi kapita kutupa pole. Kasema kadi yangu inafaa kukwangulia vocha. Chai yake sikuitia sukari. Meno yake yatanishukuru.

Jumanne, 4 Machi

Nafua nepi, redio inasema yenyewe! Kumbe kampuni za bima ya meno hukodishana orodha za madaktari kimyakimya. Basi kampuni ya wifi imeikodishia yangu, na daktari hana habari. Sasa mamlaka ya bima imekuja juu: lazima daktari aarifiwe. Nusu ya pili ya tangazo sikuisikia, mdogo alikuwa analia. Haidhuru. Daktari hajaarifiwa? Nitamwarifu mimi. Akishajua, atakimbilia wapi?

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa gauni nililoshonea harusi ya wifi, nikadai kumwona daktari mwenyewe. Nikamwambia jina lako limekodishwa, hukuambiwa, sasa nimekuambia. Tibu mtoto.

Akavua barakoa. Akauliza kampuni yangu inalipaje. Dada wa mapokezi akasema kiduchu. Kisha huyo dada, kidomodomo, akalitafuta tangazo kwenye simu na kusoma hadi mwisho: daktari akishaarifiwa, ana haki ya kukataa kukodishwa.

Daktari akakataa palepale. Na kunishukuru juu!

Mkubwa kanivuta gauni, kauliza, mama, tumeshinda? Nikamwambia bado kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kacheka hadi kushika ukuta. Halafu, sijui kaingiwa na nini, kanielekeza kwa daktari mwingine wa kampuni yake, ghorofani juu ya duka la rangi. Kaniapisha: wifi, ukifika toa kadi, funga mdomo. Kana kwamba mimi ni mropokaji!

Ijumaa, 7 Machi

Wameipokea kadi! Hakuna aliyeuliza kitu. Jino limetoka. Mkubwa hakulia, kanibana tu kidole. Niliyelia ni mimi. Daktari kasema gego la upande wa pili lina tundu, turudi Jumatatu alizibe kabla shavu hilo nalo halijavimba.

Mtu mwema hivyo unamwachaje gizani? Nikamuuliza kama anajua jina lake limekodishwa. Hajui! Nikamweleza. Ila nimeshajifunza, lile kosa la kubeba habari nusu sirudii. Safari hii nimemweleza nusu zote mbili.

Msikivu sana. Ile ya pili kaniomba niirudie, polepole, huku anaandika.

Jumatatu saa tatu, tuko kwake. Wifi simwambii kitu, atajionea mwenyewe.