Fundi Akae Mbele

Wewe uliliona, usijifanye hukuliona. Uliona gari la zahanati limewekwa juu ya matofali, boneti wazi, majani yameota mpaka kwenye ekseli, ukasema hilo ni la serikali, ukavuka barabara kununua maandazi. Uliona wanaume wanne wakiteremka milima ya Matumbi na kitanda cha kamba mabegani, juu yake mwanamke mwenye uchungu, ukaanza kutafuta kitu kwenye simu. Sawa, macho ni yako. Lakini kila mji una mtu mmoja anayeangalia palepale ulipokataa kuangalia wewe. Mtu huyo ni mwizi. Hapa Kilwa Masoko, mwaka huu, aliitwa Optatus.

Alijitambulisha kama Injinia Opta. Ukweli ni kwamba aliwahi kuwa saidia fundi kwenye gereji moja, mpaka siku mwenye gereji alipogundua kwamba spana zinapungua na Optatus ananenepa. Alikuwa na ovaroli ya bluu isiyo na hata doa moja la oili. Mtu mwenye akili zake, hilo peke yake lingemtosha.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwa mama ntilie anakunywa supu ya pweza, gari la zahanati ya Kibata likaja kuegesha mbele yake. Lilikuwa Landkruza la umri wa kuweza kuoa, rangi imepauka, lakini injini inanguruma kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Tangu litoke kiwandani hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Aliteremka Romana, dereva, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kufutia oili begani. Nyuma yake akateremka Mzee Gregori, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akasimama katikati ya barabara kama aliyepigwa na kitu.

Alikuwa anatazama gari la mkubwa fulani lililoegeshwa ng'ambo, jeupe, lile ambalo watu huliita mkonga kwa sababu ya bomba jeusi linalopanda ubavuni mpaka paani ili gari livute hewa likivuka maji. Alilitazama namna mtu anavyotazama pilau la jirani.

Optatus akasukuma bakuli pembeni. Riziki yake ilikuwa imesimama pale inameza mate.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, mzee wangu. Mtu wa hadhi yako anapandaje mlima na gari la kiwandani?"

Gari la kiwandani, akaeleza kwa huzuni, limetengenezwa na watu wasioijua Kibata. Yeye mwenyewe amefanya kazi miaka mitatu jangwani, huko Arabuni, na kule hakuna mwenye akili anayeingia mchangani na gari ambalo halijabadilishwa. Waliojaribu, mifupa yao iko hukohuko, funguo mkononi. Kwa hiyo rejeta itoke, iwekwe ya jangwani. Starta itoke. Nozeli zitoke, zipanuliwe pumzi. Shokapu, hizo hata kuzitaja ni aibu. Halafu, kwa heshima ya mwenyekiti, mkonga.

Kwa taarifa yako, Optatus hajawahi hata kuvuka Rufiji.

Romana alikuwa anapima oili. Bila kuinua kichwa alisema kwamba mwaka juzi Wazungu wawili, mke na mume, walilala misheni ya Kipatimu wakitokea kaskazini. Walikuwa wamekata jangwa siku kumi na saba bila kuona nyumba, na gari lao lilikuwa kama hili hili. Aliingia uvunguni kwa ruhusa yao kutafuta siri, akakuta vyuma vya kiwandani vitupu. Yule mke alimwambia siri ni kubadili oili kwa wakati, kuangalia upepo wa matairi, na kutobeba kijiji kizima.

"Gari hili linataka oili na kuachwa," alisema. "Na mkwe wangu Shamimu ameshaingia mwezi wake wa kujifungua. Mwenyekiti, nakuomba usiliguse."

Hapo Optatus alimvuta Mzee Gregori pembeni akamnong'oneza kwamba risiti inaweza kuandikwa nono kuliko kazi, na unono huo ukawa chai ya mwenyekiti. Masikio ya mzee, yaliyokuwa mazito tangu Romana aanze kusema, yalipona papo hapo.

"Dereva anaendesha," alitangaza. "Kamati inaamua."

Kamati yote ilikuwa imesimama pale, na ilikuwa na kitambi kimoja.

Kufungua gari Optatus alijua. Wezi wote ni mafundi wa kufungua. Kufikia Jumanne mchana rejeta, starta, nozeli na shokapu vilikuwa mezani kwa Bi Mwanaheri, muuza spea wa karibu na soko, ambaye alinunua bila kuuliza hata swali moja, tasbihi ikitembea vidoleni. Ndani ya gari kukaingia rejeta iliyozibwa kwa sabuni ya mche, starta iliyoungua, na takataka nyingine za daraja hilo. Nje, kazi ilikuwa ya kupendeza. Paani taa sita, mbili zikiwaka. Mlangoni maandishi mekundu, JANGWA SPESHO. Na ubavuni mkonga mweusi unaong'aa, ambao ulikuwa bomba la choo lililopakwa rangi na kubandikwa kwa gundi, lisiloungana na kitu chochote duniani.

Ijumaa asubuhi Mzee Gregori alikuja na Romana na wakulima sita wa ufuta waliokuwa wakirudi Kibata. Gari lilikuwa linanguruma tayari, maana likizimwa tu, basi. Mzee aliupapasa ule mkonga, machozi yakamlengalenga, akalipa. Mfukoni mwa Optatus tiketi ya basi la Dar ilikuwa imeshakatwa, la saa nne.

"Sasa, Injinia," mzee akasafisha koo. "Kama unavyojua, kwa mila yetu fundi anakaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Kiti cha mbele. Safari ya kwanza, mpaka Kibata. Aliyelifungua gari ndiye anayelipanda. Mila ya mababu."

Mababu walikuwa na Landkruza lini, hakuna aliyeuliza.

"Na asipokaa?"

Mzee Gregori alimtazama Romana kama mwanafunzi aliyesahau beti. Romana alikuwa anakunja kitambaa chake taratibu.

"Asipokaa ina maana anajua alichokifanya. Basi inabidi awaeleze hawa."

Wakulima sita wakatabasamu vizuri sana. Walikuwa na mapanga, lakini kwa haki yote lazima isemwe kwamba yalikuwa ya shambani.

Optatus akaiona kichwani barabara ya baada ya Kipatimu, ambayo imeahidiwa kila uchaguzi tangu Romana akiwa msichana, na ambayo wapiga kura wake wanaikumbuka kwa majina ya waliobaki bondeni. Aliiona sabuni ikiyeyuka. Aliliona gari likizimika kwenye mpando, likianza kurudi kinyumenyume, na yeye akiwa kiti cha heshima. Akaomba mpaka saa kumi jioni, kuna nati mbili tatu hazijamridhisha. Wakulima wawili wakajitolea kumsindikiza, jua lisimuonee.

Bi Mwanaheri alimpokea kwa "karibu, mwanangu". Vyuma vilikuwa mezani palepale, vimeoshwa, na bei yao imeota mbawa.

"Lakini, Bi mkubwa, nimekuuzia mwenyewe Jumanne."

"Jumanne ulikuwa unauza, leo unanunua. Hizo ni biashara mbili, baba."

Alimwachia fedha zote za Mzee Gregori. Hazikutosha. Akaacha simu, na tiketi, na saa. Bi Mwanaheri akamtazama juu mpaka chini, akaomba na ile ovaroli, kwa vile bado ilikuwa mpya. Injinia wa jangwani alirudi kazini na singlendi na bukta, akafunga chuma kimoja kimoja, Romana amekaa juu ya tairi akimwambia nati gani bado. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kufunga kitu kwa nia njema.

Mkonga uling'oka kwenye kijito cha kwanza. Hakuna aliyesimama kuuokota. Gari lilipanda, likakata kona, likapanda tena, kama lilivyotengenezwa na watu wasioijua Kibata. Katikati ya mpando mkali kuliko yote Romana alizima injini, akasema anataka kusikiliza ndege. Optatus alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuahidi mambo mengi kwa Mungu wa misheni, na kwa tahadhari akaahidi na kwa upande wa msikiti. Romana alizungusha funguo. Gari likawaka mara moja. Mwanamume akalia bila kujificha.

Kibata waliandaliwa ugali na mbaazi kwa Bi Kazija, kikongwe anayekumbuka kila kilichowahi kupandishwa mlima ule na kila kilichoshindikana. Optatus akamuuliza kwa adabu hii mila ya fundi ilianza enzi gani.

"Mila gani, mjukuu wangu?"

Akaelezwa. Bi Kazija akatafuna, akafikiri. "Sijapata kuisikia. Lakini ni nzuri."

"Mimi naijua sana," Mzee Gregori alisema, akiwa ameliinamia bakuli la mbaazi.

"Mwenyekiti nilimwambia juzi," Romana alisema. "Amekulia Lindi mjini, hawezi kukubali kwamba kuna mila asiyoijua. Na Mwanaheri alinipigia Jumanne. Starta ile nimeifunga mwenyewe mara nne, alama zangu anazijua."

Sahani hazijatolewa, Shamimu akaita mama, mara moja, kwa sauti ya chini. Ndani ya dakika chache gari la kiwandani lilikuwa linateremka. Nyuma, juu ya sakafu, alikaa Optatus na bukta yake, amemshikia Shamimu beseni na khanga, anatetemeka kuliko mzazi. Mtoto wa kike alizaliwa Kipatimu, hospitali ya misheni, ndani ya jengo, kitandani, mikononi mwa mkunga. Ile risiti nono ilisomwa mkutanoni Jumapili, neno kwa neno, mbele ya mwenyekiti aliyeisaini.

Sasa mila hii ina umri wa siku chache, na haina mwenyewe. Ichukue. Acha kusoma, simama, vaa viatu. Nenda kwenye zahanati yako, fungua boneti mbele ya watu, uliza nani alilishika gari mara ya mwisho, na akitajwa mkalishe mbele. Aliyesaini kwamba barabara imekwisha kujengwa, mkalishe katikati. Aliyekula chai ya risiti, juu ya magunia. Kisha mwambie dereva awashe, apande mlima. Leo. Kuna mwanamke huko juu ameshaingia mwezi wake.