Protini ya Kiwiko

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu
Mama amesema: nisipopata kazi mbele ya Jumamosi, naenda Mpofi kwa mjomba Nestor kufukuza nyani mu shamba la mpunga. Miye, Plamedi, kichwa kinachopita vyote mu Mweso. Bahati nzuri, Mama Sidonie, anayechunguza magonjwa ya maharage, anatafuta muntu mumoja wa kompyuta. Bahati mbaya, jirani yetu Evode naye amesikia. Evode iko na diplome. Miye niliacha masomo mu mwaka wa ine, walimu walikuwa wananichelewesha.

Jumanne, tarehe 5
Mtihani. Mama Sidonie alitupatia protini moja ya haragwe, mstari mrefu wa herufi. Unaiingiza mu ghala moja ya Internet, nayo inakutafutia motifu: vipande vifupi vinavyoonyesha protini inafanya kazi gani. Evode alipata tatu. Miye niliona kisanduku kimeandikwa: ficha motifu zinazotokea ovyo. Nikakizima. Muntu gani anaficha ushindi wake? Nikapata makumi ine na moja.
Evode alicheka mpaka akashika ukuta. Eti vipande vyenyewe ni vifupi mno, vinaangukia popote. Hata akipiga klavye ya kompyuta na kiwiko atavipata.

Jumatano, tarehe 6
Asante, kaka Evode. Nimepiga na kiwiko. Ghala ilikataa kwanza, kumbe protini zinaandikwa na aina makumi mbili tu za herufi. Nikafuta zisizotakiwa. Motifu makumi sita na mbili! Nimemupelekea Mama Sidonie, nikamwambia nimevumbua protini mpya.

Alhamisi, tarehe 7
Mama Sidonie aliniita mbele ya Evode. Akauliza hii imetoka mu haragwe gani. Evode alikuwa amekwisha kutabasamu. Nikaona nyani wa Mpofi wananipungia mikono. Nikasema ukweli, kwa kukosa kingine: imetoka mu kiwiko.
Mama wa watu akapiga meza kwa kucheka. Akasema, mutoto wangu, hii njo kitu nilikuwa nakosa: kama upuuzi mutupu unatoa makumi sita, tutajua ni motifu gani tusiamini mu maharage. Anataka protini mia za kiwiko. Evode atashika za kweli, miye za upuuzi. Nafasi moja imekuwa mbili. Evode aliuliza kama amesikia vizuri.
Nyumbani, Mama ameuliza kama watanilipa kwa mukono ao kwa kiwiko. Lakini mufuko wangu wa safari ameurudisha chini ya kitanda.

Jumamosi, tarehe 9
Nyani wa Mpofi wakule salama. Nimemaliza makumi tano na mbili. Kiwiko kimevimba, heshima pia. Mama Sidonie amenionya mara tatu: za upuuzi zisichanganyike na za kweli. Mara tatu nimejibu, ndiyo Mama.
Ila hii ya mwisho imetoa motifu makumi saba na tisa. Mutoto mwenye akili namna hii akae na wapumbavu? Nimeiita Plamedi, nikaiingiza polepole mu faili ya Evode, katikati ya maharage. Atanishukuru.