Nyanya Zilizovaa Wanga

Profesa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, ila siku moja alipokwenda kuuza saa za mkononi ambazo mishale yake ilichorwa kwa kalamu. Jina hilo watu wa mtaa walimpa kwa sababu ya miwani na mdomo. Miwani haikuwa na vioo, lakini mdomo ulikuwa kamili.

Asubuhi moja alimkuta Tajiri wa Nyanya nyuma ya ghala lake, mikono kiunoni, akitazama makreti yanayochuruzika maji. Nusu ya mzigo ilikuwa imeoza kabla ya kuuzwa. Wapita njia waliziba pua. Profesa hakuziba yake, kwani kando ya makreti paliegeshwa pikapu nyekundu inayong'aa, na moyo wake ukaenda kukaa kwenye usukani bila kuaga. Alikuwa akiishi chumba cha uani kwa shangazi yake, dobi, ambaye kila siku alimtuma kuanika mashuka ya watu. Mwenye pikapu haaniki mashuka.

"Pole, bosi," alisema. "Unauza nyanya uchi, halafu unashangaa zinaugua."

"Uchi?"

"Hazina nguo. Wenzetu walioendelea, nyanya haitoki shambani bila koti. Koti jembamba, halionekani, na linaliwa."

Tajiri hakuwa mjinga. Alikuwa na tamaa, ambayo ni mbaya zaidi, maana mjinga angalau huuliza.

"Koti hilo liko wapi?"

"Maabara kwangu."

Maabara ilikuwa sufuria ya shangazi. Ndani yake mlichemka wanga wa muhogo wa kukazia kola za mashati, pamoja na kijiko cha mafuta ya kupikia anachoongeza shangazi ili pasi isinate. Profesa akachota, akajaza chupa ya dawa ya kikohozi, akaenda zake.

Walikubaliana kapu moja la nyanya lichovywe, lianikwe kivulini, kisha likae ndani ya ghala Tajiri aone kwa macho yake. Profesa aliomba jambo moja tu la kitaalamu, kwamba kila alfajiri aingie peke yake kupima unyevu. Alipima kwa mkoba. Mkobani mlikuwa na nyanya zilizochumwa jana yake, zimechovywa tayari. Alizipanga kapuni, akabeba za zamani, akatoka akiandika hewani kwa kidole. Tajiri akizibonyeza, anakuta ngumu kama goti.

Za zamani alimpelekea shangazi azipike.

"Mwanangu," shangazi alimwambia siku moja, "hizi nyanya zako mbona hazilainiki hata zikikaa siku nyingi? Nina ungo mzima unanitazama."

"Pika tu, shangazi."

"Nisikilize kwanza."

"Shangazi, nina mambo makubwa."

Hapa tumwonee huruma kidogo. Tapeli hodari huchunguza kila kitu duniani isipokuwa uongo wake mwenyewe. Ameutunga yeye, auangalie wa nini tena?

Siku ya biashara ikafika, na Profesa akakataa pesa kwa sauti ya mtu wa ibada. "Mimi mtu wa sayansi, bosi. Nipe ile pikapu tu, nizunguke nikielimisha wakulima."

Tajiri alikubali kabla sentensi haijaisha. Mtu anayebishania bei ya kitunguu kimoja akikupa gari bila kubisha, hesabu vidole vyako. Profesa hakuhesabu.

"Na mpishi wa koti nitampata wapi?" Tajiri aliuliza.

Profesa akapiga hesabu haraka. Mzigo ukioza, Tajiri atataka shingo ya kukaba, na shingo iliyokuwa karibu ni ya mtu aliyemlea.

"Ni shangazi yangu," akasema. "Mtaalamu mkuu. Namwacha mikononi mwako."

Ni jambo la aibu, na hatulifichi. Hata yeye aliona aibu, mpaka kona ya kwanza.

Pikapu ilimfikisha ng'ambo ya daraja, ikakohoa, ikazima. Fundi aliyeitwa alifika siku ya tatu, akafungua boneti, akafungua na gia, akachota unga wa mbao kwa kiganja.

"Gia wamezijaza huu zisipige kelele," alisema. "Injini nayo imekufa siku nyingi. Huyu marehemu kapakwa rangi tu."

Profesa alirudi kwa miguu, anatukana kila jiwe. Alijifariji kwamba na Tajiri muda huu anaoza pamoja na nyanya zake. Kisha akamkumbuka shangazi, akaongeza mwendo.

Ghalani alikuta foleni. Wauza mboga wa soko zima walikuwepo, kila mmoja na kreti lake. Mbele alikaa shangazi, mwiko mkononi, na Tajiri mwenyewe amejitwika kreti kichwani, anasubiri kuelekezwa pa kuliweka. Mezani zilipangwa nyanya za wiki iliyopita, zile za ungo wa shangazi, zinang'aa.

Profesa hakuvumilia. "Jamani, msidanganyike. Huo ni wanga wa kola, muhogo na maji. Mimi ndiye niliyetunga uongo huu."

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza tangu aote ndevu, na haukupata mnunuzi.

"Tunakujua, kaka," alisema muuza hoho. "Toka kwenye foleni."

"Ni muhogo, kweli," shangazi alisema. "Na mafuta. Nilitaka kukwambia kwamba wanga huu unafanya kazi kweli, ukasema una mambo makubwa. Sasa mimi na bosi tunagawana nusu kwa nusu, maana akipika yeye unaganda mabonge. Gari liko wapi?"

"Ng'ambo ya daraja, shangazi. Ni bovu, na huyu alijua."

Tajiri akalitua kreti lake, akaanza kulikagua kwa makini.

"Kumbe uliniweka rehani kwa gari bovu, mwanangu," shangazi alisema. Profesa alitamani ardhi impasukie. Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama mmoja, akamtazama na mwenzake. "Haya, twendeni tukalichukue."

Jioni ile watu walitoka milangoni kuiona pikapu nyekundu ikirudi barabara kuu bila muungurumo. Nyuma yake Tajiri na Profesa walisukuma bega kwa bega, wamelowa jasho. Kwenye usukani alikaa shangazi, anatafuna nyanya.

"Shangazi, tupumzike kidogo," Profesa aliomba.

"Pumzikeni tu, wanangu," akajibu. "Nyanya siku hizi hazina haraka."