Kipaza Alivyomwekea Breki Nafasi Chooni

Benchi lililo nje ya kibanda changu cha ushonaji nililiweka kwa ajili ya wateja. Wateja hawajawahi kulikalia. Wanaolikalia ni Kipaza, anayetangaza bei za maduka kwa spika na hajui kunong'ona hata msibani. Daktari, aliyekuwa bawabu wa zahanati akastaafu na majibu yote. Na Breki, fundi wa breki za magari, kijana mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu. Mama Kahawa hukaa pembeni na jiko lake, na ni yeye peke yake aliyewahi kuniomba ruhusa.

Asubuhi hiyo Kipaza alikuja anasoma simu huku anatembea, akamkanyaga Daktari, na wala hakuomba radhi.

"Sikieni mambo! Mtu kaingia mgahawani kanyimwa ufunguo wa choo mpaka aonyeshe risiti ya chakula!"

"Sawa kabisa," alisema Daktari. "Hujala kwao, unawapelekea nini?"

"Kwa hiyo alichokula nyumbani akakirudishe nyumbani?" aliuliza Mama Kahawa.

"Ndiyo! Kila mzigo kwao!"

"Mzee, una roho mbaya wewe!"

"Nina kanuni, mama. Zahanati iliendeshwa kwa kanuni."

"Zahanati ulikuwa unafungua geti!"

Breki alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Huyo mtu alifika?" aliuliza taratibu.

"Alifika wapi?" akasema Kipaza.

"Chooni."

Kipaza alipekua habari hadi chini. "Hawajaandika."

"Basi hakufika," alisema Breki, na machozi yakamlengalenga.

Tukatazamana. Mtu mzima halii kwa ajili ya mtu asiyemjua, tena wa kwenye simu. Mama Kahawa akamwondolea kikombe. "Mwanangu, una nini?"

"Nina tumbo."

"Kila mtu ana tumbo."

"La kwangu lina hasira. Hospitali ya kweli ndiyo imesema, Daktari usinune. Wamepima, hawakuona mdudu wala kidonda. Utumbo una hasira tu."

"Nani kaukasirisha?" aliuliza Kipaza, kwa sauti iliyovuka barabara.

"Kitunguu. Maziwa. Maharage. Na mtu akinikaribisha chakula kwa heshima, ndiyo kabisa. Nyumbani nakula vizuri, ila nikikaa tu mgahawani, mhudumu akisema 'karibu,' tumbo linaitika kabla yangu."

Kisha akatoa lote. Mchumba wake alimpeleka mgahawani kumtambulisha kwa shangazi yake. Breki akainuka mara tatu kabla sahani hazijaondolewa, kila mara na simu mkononi.

"Simu ya nini tena?" nilimuuliza.

"Tochi, Fundi! Taa ya choo ilikuwa imeungua. Shangazi akaamua nina mwanamke mwingine, natoka kumpigia."

"Ukamwambia ukweli?"

"Nimwambie nini? Shikamoo shangazi, sina mwanamke, naharisha?"

Mama Kahawa alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika.

"Chekeni tu. Jumapili baba wa binti mwenyewe kaniita mgahawani anihoji, na shangazi atakuwepo. Shangazi kasema safari hii nikiinuka mezani, nisirudi. Nampenda yule binti, jamani. Nitamkosa kwa sababu ya kitunguu!"

Hapo hakuna aliyecheka. Ushauri ukaanza kumwagika, na ushauri wa benchi langu haulipiwi, na inaonekana.

"Usile siku mbili," alisema Daktari.

"Likiwa tupu ndiyo linanguruma zaidi."

"Agiza maji ya moto."

"Mwanaume aagize maji ya moto mbele ya mkwe? Watasema ana mkosi!" alifoka Kipaza.

"Mwambie mzee ukweli," alisema Mama Kahawa.

Tukamzomea wote. Ukweli, kwa mkwe, siku ya kwanza! Hata mimi nilimzomea, na mimi ni mtu wa dini.

"Angalau nimeshakagua," alisema Breki. "Mimi siendi mgahawa kabla sijakagua choo. Menyu za mji huu sizijui, lakini vyoo vyote navijua. Pale pa Jumapili kipo kimoja tu. Komeo zuri, taa inawaka, maji yapo. Shida yangu ni nikikuta mtu ndani."

Kipaza akasimama. Akisimama hivyo huwa najua tumekwisha.

"Foleni ya benki nani huwa anawawekea nafasi? Mimi! Foleni ya maji? Mimi! Nishindwe na choo? Naingia kabla hamjafika, najifungia. Wewe ukija, gonga mara tatu useme 'Breki.' Nafungua, natoka, unaingia. Mwingine yeyote simtambui, hata awe diwani."

"Utakaa chooni muda wote?" nilimuuliza.

"Nina gazeti."

Wakaona ni akili. Mimi nikaleta mchango wangu: suruali ya krimu, rangi aliyoitaka mchumba. Kiunoni niliweka ndoano, kifungo cha ndani, kifungo cha nje na zipu ya chuma. "Hata tumbo lijae upepo," nilimwambia, "kwa nje utaonekana umenyooka." Breki akaivaa, akawa anapumua kwa awamu.

Tukafanya mazoezi. Kipaza akawa mkwe, akavimbisha mashavu. "Karibu chakula, kijana!"

Breki akatoka mbio kuelekea choo cha nyuma ya kibanda. Hakuwa amekula chochote, na meza yenyewe ilikuwa ndoo.

Jumatatu alifika Kipaza kwanza, sauti imemkauka, amevaa taulo la kuogea chini na shati la kazini juu. Tulipomuuliza alitazama pembeni. Kipaza! Kunyamaza! Mama Kahawa akampa kahawa ya bure kwa hofu.

Kisha akaja Breki, anatabasamu, mkononi amekunja suruali nyekundu ya Kipaza, moja tu aliyo nayo.

"Haya, umeachwa?" aliuliza Daktari.

"Ngoja. Tulikaa vizuri. Mhudumu akasema karibu, tumbo likaamka, nikalibana. Shangazi ananikodolea macho, anangoja niinuke. Mara nani akainuka? Mzee! Hata supu haijafika. Akasema anakwenda kunyoosha miguu."

"Mzee wa watu akaja kugonga," alikwaruza Kipaza. "Nikamwambia pana mtu. Akagonga tena. Nikamwambia mzee, hii nafasi imewekwa, anayo bwana harusi. Akaniuliza bwana harusi gani anawekewa choo! Akaanza kuniomba. Akaniita baba. Mimi namwambia, sema neno la siri."

"Huna haya!" alisema Mama Kahawa.

"Nilikuwa kazini!"

"Mimi mezani nikazidiwa," aliendelea Breki. "Shangazi akauliza, unakwenda wapi? Nikasema kumwangalia mzee. Nafika, namkuta mkwe wangu amejikunja ukutani, jasho linamtoka, miguu ameipishanisha. Akaniangalia, na mimi nilikuwa nimepishanisha vilevile. Hatukusema kitu. Nikagonga mara tatu, nikasema Breki, mlango ukafunguka, Kipaza akatoka."

Benchi zima liliacha kunywa.

"Ukaingia?" nilimuuliza.

"Fundi, pale palikuwa na nafasi ya mtu mmoja." "Nikasema, baba, tangulia."

Daktari akavua kofia.

"Alipotoka alinikumbatia. Kumbe ana utumbo wa hasira tangu ujana! Mkewe anadhani anapenda matembezi tu. Akaniambia, kijana, watu wameniletea maneno matamu wakimtaka binti yangu, hakuna aliyewahi kunipa hicho ulichonipa. Mchukue."

Tulipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Mama Kahawa akawa analia na kucheka.

"Na wewe sasa?" aliuliza Daktari. "Uliwahi?"

Breki akanigeukia. Nikajikuta nashika futi yangu.

"Nilifika. Mlango nilifunga. Nilikuwa na muda, Fundi, nakuapia. Nikafungua kifungo cha nje. Nikafungua cha ndani. Nikafika kwenye ndoano."



"Ndoano zangu hazifunguki ovyo," nilisema. "Hiyo ni kazi imara."

"Imara sana."

"Akaniita dirishani," alisema Kipaza kwa uchungu. "Tukabadilishana. Yeye karudi kula na suruali yangu, mimi nimejifungia mle mpaka wanafunga mgahawa. Watu wanagonga, naimba."

"Shangazi hakuuliza mtu anatoka na krimu, anarudi na nyekundu?" aliuliza Mama Kahawa.

"Aliuliza. Mzee akamwambia, dada, kula."

Breki akaweka kitambaa kizito juu ya cherehani yangu. "Fundi, nimekuja kwa suti ya harusi. Nyeusi. Kiunoni usiweke kifungo, usiweke ndoano, usiweke zipu. Weka lastiki."

"Lastiki!" Nilisimama. "Mimi nimeshonea watu wa heshima tangu hujazaliwa. Bwana harusi wa lastiki nani atamheshimu?"

"Baba mkwe," alisema Breki. "Kaagiza na yake."