Mashindano ya Plau Shambani Kwangu

Jumatatu, 6 Novemba
Itangazwe: leo saa nne asubuhi nimepokea mhuri. Wa duara, wino wa bluu, umechongwa Tunduma. MWENYEKITI, KAMATI YA MASHINDANO YA PLAU, IHANDA. Kamati bado. Mhuri kwanza.

Sababu rasmi: kuenzi kilimo na kuburudisha wananchi. Sababu ya humu daftarini tu: heka zangu mbili hazijalimwa, mvua ya kwanza imeshapita, na maksai wangu niliwabadilisha na pikipiki ambayo haijawaka tangu Agosti. Sasa: jozi kumi za maksai, uwanja wa mashindano shambani kwangu. Adhuhuri nimeshalimiwa, na makofi juu!

Tabita, mke wangu, anasema si tupike maharage tuwaalike majirani walime, kama watu wote. Niombe! Mtu mwenye mhuri!

Jumanne, 7
Mtendaji wa kata kagoma kutoa kibali. Ati nishirikishe wadau kwanza. Nimemwambia mdau mkuu ni mimi. Akasema nilete saini na maoni yao. Saini sawa. Maoni ya nini?

Alhamisi, 9
Miguu inawaka. Jenista wa kikundi cha akina mama kakubali, ila anataka kivuli cha kupikia. Kwangu miti nilishaikata yote. Nikasema kivuli kitashughulikiwa. Bugalama, mfugaji wa kule Momba, ataleta jozi nne, mradi maji yawe karibu. Nikasema maji yatashughulikiwa. Akacheka, akasema mwenyekiti, ng'ombe wangu hawanywi maneno.

Eliudi, jirani yangu, nimemruka. Ana miti, ana kijito, na ana heka nne hazijaguswa kwa kuwa alikwenda Ibaba kuwalimia wakwe. Mtu wa namna hiyo hashirikishwi.

Jumamosi, 11
Kikao cha wadau. Nilialika tisa, tukawa ishirini na saba! Eliudi mstari wa mbele. Tabita alimpa habari kisimani.

Jenista akauliza kivuli kiko wapi. Bugalama akauliza maji. Bwana shamba akasema kwangu ni mteremko, maksai watavunjika miguu. Mama mmoja wa nyuma akataka kujua imekuwaje shamba la mashindano ndilo lile lile ambalo mwenyekiti hajalima. Kicheko hadi nje. Nikasema hoja hiyo haimo kwenye ajenda.

Wakapiga kura. Mikono ishirini na sita: shamba la Eliudi. Mkono uliobaki ni wangu. Wa Tabita ulitangulia yote.

Jumanne, 14
Nimepata njia! Barua, mihuri mitatu: mchujo kwa Eliudi, FAINALI kwangu. Mtendaji kaisoma, kaguna, kasema haya. Wadau hawakuulizwa. Ndiyo maana imepita.

Jumamosi, 18
Jozi kumi na tatu. Vumbi, vigelegele, watu hadi wa Itaka. Heka nne za Eliudi zimekwisha kabla ya saa tano. Nikatangaza fainali, tuhamie kwangu. Bugalama akasema ng'ombe wake wamechoka na hakuna aliyemwambia habari ya fainali. Wengine wakaitikia: nao hawakuambiwa. Jenista akapiga sufuria mwiko, kande tayari. Fainali ikafia hapo.

Mtendaji kanisifu mbele ya umati. Mfano wa kuigwa katika ushirikishwaji, kasema. Nikainama kwa heshima huku nikisaga meno.

Eliudi akanivuta pembeni. Kumbe hujalima, kaka? Si ungesema tu! Jumatatu analeta jozi tatu, Mama Ikupa, yaani Tabita wangu, apike maharage, adhuhuri tumemaliza. Nikamwambia maombi yote yapitie ofisini kwangu, kwa maandishi.

Jumatatu, 20
Alikuja kweli, saa kumi na mbili asubuhi, na ndugu zake wawili na maksai sita. Nimewarudisha getini. Tabita tangu hapo haongei nami.

Huruma ya Eliudi siitaki, nina mpango mkubwa zaidi. Januari: TAMASHA LA PALIZI. Watu mia moja na majembe yao, uwanja ni kwangu, na safari hii wadau watashirikishwa tamasha likishapita. Nimemsomea Tabita barua nzima, aya kwa aya. Hatimaye kafungua mdomo. Kauliza hao watu mia watapalilia nini.

Hatujapanda.